Ndimu za Aldgate

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa tulifukuzwa Uganda. Mama, Dadi na mimi tulikuwa na pasi za Kiingereza, tukaingia London. Baba hakuwa na pasi ya nchi yoyote, akabakizwa kambini Austria kungoja ruhusa. Mpaka leo nikilitaja hilo hasira hunipanda.

Dadi, mama yake Baba, alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa. Aliamini kila mji una lango na lango lina mwenyewe. Asiyemwomba njia hapati makao. Siku moja tulikuwa tumetoka kununua ndimu na pilipili, naye Dadi amezitunga kwenye uzi ili azitundike mlangoni kwetu kuzuia husuda. Kondakta wa basi tulilopanda akaita, “Aldgate!” Nikamwambia Dadi kuwa “gate” ni lango. Akainuka papo hapo.

“Teremka. Twende tukamwombee babako.”

Tulikuta magari, benki na manyunyu. Muuza magazeti nilimwuliza, akacheka: lango lilibomolewa zamani, lilikuwa likiyabana magari ya farasi.

“Walilivunja wenyewe?” Dadi aliguna. “Hebu nisomee kibao kile.”

Kilikuwa cha kanisa: jina la mtakatifu, kisha “without Aldgate”. Mimi nilijua “without” ni bila.

“Kanisa bila lango, Dadi.”

Akazifunga ndimu kwenye uzio wa kanisa, midomo ikimcheza kwa dua. Hatujaondoka, bwana mmoja mwenye mwavuli akazing’oa, akazitupa kwenye pipa, akaenda zake bila kututazama.

Nyumbani Dadi alisema, “Mwanangu haingii mji huu. Hana pa kupigia hodi.”

“Usimchulie mume wangu!” Mama alifoka.

Baba hakuingia. Alikufa kwa homa ya mapafu kulekule kambini, na ruhusa ikatoka tumekwisha kumlilia. Tangu hapo Mama na Dadi waliishi chini ya paa moja Tottenham, wakisemezana kupitia kwangu.

Ukubwani nimesoma habari za lango lile. Lilikuwa la mawe, lina minara miwili, na vyumba vya kupangisha juu yake. Usiku lilifungwa, na aliyechelewa alilala nje. Kanisa lilijengwa hapo nje ili msafiri apate pa kusali, na “without” ya zamani maana yake ni nje ya. Kumbe Dadi alisali mahali penyewe hasa, na haikusaidia kitu. Aliyemzuia Baba ni karani fulani ambaye hatukuwahi kumwona, na Mama asingeweza kumnunia mtu asiyemjua. Akamnunia aliyekuwa karibu.

Dadi alipokata roho nilikuwa naye peke yangu. Mama aliniuliza kama alisema lolote. Nilimwambia alimwita Baba aje ale, chakula kinapoa. Mama akaenda jikoni, akafungua bomba la maji mpaka mwisho ili nisimsikie.