Wageni Waliombeba Kunda

Harufu ya mafuta ya kujikinga na jua ndiyo inayonirudisha. Hapa ninapofanya kazi, kwenye hoteli ya watalii nje kidogo ya mji wa Same, wageni hujipaka asubuhi kabla ya kwenda mbugani, na mimi ninayewamiminia chai hujikuta nina miaka minane tena, nimepangwa mstarini kwenye ua wa kituo cha kulelea yatima, nimevaa nguo ya Jumapili katikati ya wiki. Mlango wa gari ukifunguliwa, harufu ile ilishuka kwanza, ndipo wakafuata wazungu wenyewe.

Yatima kamili hatukuwa. Baba alikuwa amefariki, hilo ni kweli, lakini mama alikuwa hai, amelazwa hospitalini kule Gonja, juu milimani, anaumwa kifua kikuu. Bibi alikuwa hajiwezi hata kuchota maji. Basi mjomba akatuteremsha Same, mimi na mdogo wangu Eliakunda, ambaye sote tulimwita Kunda, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno. Mama alituaga akiwa kitandani, khanga imeziba mdomo. "Nikipona nitawafuata," aliniambia. "Mpaka hapo wewe ndiye mama yake. Asinisahau." Nikasema ndiyo, mama. Mtoto wa umri ule huitikia tu, hajui anabebeshwa nini.

Tulitoka kwenye migomba na ukungu tukaingia kwenye vumbi. Upepo wa Same hauna adabu, unakuingilia puani, kwenye uji, mpaka kwenye shuka. Siku nyingi tulikula makande bila kulalamika, ila kiangazi kilipoingia wageni kutoka ng'ambo walianza kuja, na Mama Mlezi, mwanamke aliyetutunza, alikuwa na msemo wake: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na kweli tulipona, maana siku hizo kulikuwa na wali, nyama na sabuni ya kunukia. Tulifundishwa wimbo wa kuwakaribisha, na wimbo ukiisha tukimbie tukawakumbatie. Wadogo walitangulia, kwa sababu ndio wageni walipenda kuwabeba. Kunda alikuwa na mashavu, na alijifunza upesi kuliko wote. Sisemi watu wale walikuwa wabaya. Walicheza nasi, walitupiga picha, na wakiondoka walilia machozi ya kweli. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hakuna aliyewapa jembe. Walipewa watoto.

Kila jioni nilimkalisha Kunda kitandani nikamfundisha mama. Mama ana kovu kidevuni. Mama hucheka kwanza ndipo aongee. Nilimwimbia wimbo wa Kipare ambao mama alituimbia akipukuchua mahindi, naye mwanzoni alikuwa akigusa kidevu chake, anacheka. Kisha akaja msichana mmoja wa kizungu mwenye madoadoa usoni, akakaa wiki kadhaa, akambeba Kunda asubuhi mpaka jioni kwa khanga aliyofungiwa na wapishi. Jioni moja nikamuuliza Kunda, mama yuko wapi? Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Ameenda kulala hotelini." Nilichanganyikiwa. Nilimwimbia wimbo wetu mpaka sauti ikanikauka, na yeye akalala katikati ya wimbo.

Msichana yule alipoondoka, Kunda alilikimbilia gari hadi getini, akalia mpaka hana sauti. Alikataa chakula, akapata homa. Mama Mlezi alikesha naye, akimkanda kwa kitambaa chenye maji, akaniambia kwa huruma kabisa, "Usiogope, mwanangu. Atazoea. Wenzake wote wamezoea." Na alizoea. Kundi lililofuata liliposhuka alikimbia hata kabla wimbo haujaisha, na walipoondoka hakulia, aligeuka tu akaendelea kuchezea kifuniko chake cha chupa. Homa ile haikuniogopesha hata kidogo ukilinganisha na hilo.

Mama alikuja kiangazi hicho hicho kikielekea ukingoni. Amekonda, kapu la ndizi mkononi, jasho la safari usoni. Nilimwona getini nikamtambua. Kunda yeye aliona mgeni. Akakimbia mikono wazi, akamkumbatia magotini, akaimba wimbo wa wageni wote, akamtajia jina lake kwa Kiingereza. Mama akacheka, kisha akalia, akamwinua. "Baba yangu, kumbe unanikumbuka," alimwambia kwa Kipare, lugha ambayo Kunda alikuwa ameshaisahau. Uso wa mama ulijaa furaha ambayo sijaiona tena. Kunda akamnusa shingoni, kama alivyozoea, akamtazama kwa makini, akagusa lile kovu. Nikamwomba Mungu. Ndipo akauliza kwa upole, kama mtoto aliyelelewa vizuri, "Unaondoka lini?"

Mama alinitazama mimi.

Tulirudi naye Gonja siku hiyo hiyo. Sasa Kunda ni mtu mzima, anapakia malori kule Hedaru, anachangamkia kila mtu, na hakuna anayemnung'unikia. Ila hamsindikizi mgeni. Mama akienda kumtembelea, akiaga tu, mwanawe amekwisha kuingia ndani, na mama huenda stendi peke yake. Kwetu hata jirani uliyegombana naye humsindikiza hatua mbili tatu. Mama amezoea. Mimi bado.

Wiki iliyopita wageni wetu walimuuliza meneja kama kuna kituo cha watoto karibu. Kipo, akasema, tena watafurahi sana. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikaendelea kumimina. Jioni walirudi wamejaa vumbi na furaha, na binti mmoja, macho mekundu, akanionyesha picha kwenye simu yake, mtoto wa kiume amemng'ang'ania shingo. Akaniambia mtoto yule alimpenda pale pale. Alikuwa na maneno ya Kiswahili ambayo mtoto alimwambia tena na tena, ameyaandika kwenye simu asiyasahau, akanisomea kwa taabu: unaondoka lini. Akataka kujua maana yake.

Nikamwambia.

"Oo," akasema, akatabasamu. "Kesho asubuhi."