Tumbo la Kiboko

Emmaculate hupekua wanawake mpakani Busia, na mimba bandia za sukari ya magendo alizozifungua hazina idadi. Tumbo kubwa halimdanganyi. Ndiyo maana mkimbiaji mmoja wa nusu marathoni alipopita amevalia kama kiboko, tumbo likining'inia, Emmaculate alimshika mkono.

"Boss, simama! Umeficha nini humo?"

"Mama, mimi ni Oundo wa Rukala. Tunakimbia kuwachangishia waathiriwa wa mafuriko."

"Kila mwaka mnachanga, na blanketi halijafika hata moja!"

Akachana mshono kwa kucha. Kikachomoka kipande cha sponji, cheusi, kinanuka matope ya mto Nzoia.

"Ni godoro letu," Oundo akasema akihema. "Halilaliki tena tangu mto uingie nyumbani. Nikaona afadhali likimbie."