Kandili Haikuzimika

Wenzangu wa chuoni wakiulizwa likizo ya kiangazi walifanya nini, mmoja atasema alilala, mwingine atasema alikwenda kwa dada yake akanenepa. Mimi nilishika kamba. Tangu asubuhi mpaka jua lipinde, nimekanyaga ubao, glavu mikononi, na upande wa pili wa kamba hiyo ananing'inia baba yangu mzazi, ndani ya shimo jeusi. Mimi nina mdomo, sikatai. Wiki ya kwanza tu nilisema tukiwa tunakula: kiangazi hiki kitammeza mtu. Mama akaweka kijiko chini, akaniambia nimeze mate, maneno kama hayo hayasemwi mbele ya chakula.

Baba ni mchimba visima. Mtaa mzima unamwita Fuko na mwenyewe anaitika, tena kwa furaha. Mwaka ule jua liliwaka mpaka mabati yakawa yanalia mchana. Visima vilikauka kimoja baada ya kingine, na kila kilichokauka mwenyewe alikuja kugonga geti letu. "Fuko yupo? Mwambie anisaidie, watoto hawajaoga." Baba hakujua kusema hapana. Anamaliza hapa, anaanza pale, kila kisima kinataka kuongezwa kina, na kila siku naye anashuka chini zaidi ya jana. Jioni anarudi mweupe kwa vumbi, anakohoa getini, na mama akisikia kile kikohozi ndipo anapumua na kuanza kupakua.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mshika kamba. Akaoa, akahama na mkewe kwenda mbali, kamba ikaniangukia mimi mwanachuo, mwalimu mtarajiwa mwenye somo la kurudia. Msaidizi wetu alikuwa Kijiko, mwanamume mzima mwembamba ajabu, kazi yake kuvuta ndoo za udongo. Kijiko alikuwa anakula sahani mbili na kuomba ukoko, na hadi leo sijui chakula kilikuwa kinakwenda wapi.

Kamba ina sheria zake, na sheria zenyewe ni za babu. Mchimbaji akiwa chini, kila baada ya muda anaita, "Kamba?" Mshika kamba anajibu, "Mkononi!" Asipojibiwa, anaacha kazi. Asipoita, anavutwa, hata kama amenyamaza kwa kupiga chafya. Mshika kamba hashuki kisimani, hata iweje. Na haiachi kamba mpaka mchimbaji mwenyewe akanyage juu na kusema, "Nimefika." Nilimwona kaka akishika kamba huku nyuki wanamuuma shingoni, machozi yanamtoka, anajibu "mkononi, mkononi."

Halafu kuna kandili. Kabla ya mtu kushuka, inashuka kandili inayowaka. Ikizimika, chini kuna hewa mbaya, hakuna mtu kushuka siku hiyo. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala kifudifudi ukingoni, mama amenishika gauni kwa nyuma, naitazama ile taa ikishuka mpaka inakuwa punje. Siku moja ilizimika. Baba akakusanya vyombo vyake, akaondoka anapiga mluzi, mwenye kisima anamtukana nyuma yake kwamba ni mvivu na mwoga. "Kandili haina aibu," baba aliniambia njiani. "Ikiogopa inasema." Nilimpenda sana baba yangu siku ile.

Sasa, ugomvi wetu wa kiangazi kile. Baba alizoea kushuka amekanyaga kitanzi, akifika chini anatoka kitanzini na kuchimba akiwa huru. Nikamwambia sishiki kamba ya mtu ambaye hajafungwa. Ajifunge kifuani, chini ya makwapa, muda wote.

"Mbuzi ndiye anayefungwa," akasema.

"Basi mbuzi ana akili. Hapotei."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama."

"Guu langu liko juu huku, baba. Lako ndilo liko shimoni."

Kijiko akajikausha kama hayupo. Baba alinuna, mimi nikavua glavu, nikakaa chini kabisa. Kazi ikalala mpaka mchana. Mwishowe akajifunga, huku akilalamika kwamba amezaa askari. Mama aliposikia alicheka peke yake jikoni, halafu akafuta macho. "Sikio la kufa halisikii dawa," akanong'ona, "lakini angalau wewe umelifunga kamba."

Siku ziliendelea hivyo. Alasiri nasugua udongo kwenye kucha, jioni nafungua daftari la saikolojia ya mtoto na kusinzia juu yake. Yule tunayelala naye chumba kimoja bwenini alikuwa ananitumia picha za miguu yake kando ya maji. Mimi nikamtumia picha ya shimo. Akajibu kwa kucheka, kisha akauliza, "Huogopi?" Nilifuta jibu mara kadhaa, mwisho sikujibu. Naogopa nini, ningesema, wakati mwenyewe anashuka akiimba? Lakini nilianza kuzisikia sauti za visima hata nikiwa kitandani. Jiwe linalodondoka na kuchelewa kulia. Baba naye alikuwa amekonda, na tulikuwa tunajifanya hatuoni.

Ndipo tukaitwa kwenye ile hosteli. Mwenyewe ni mama mmoja mnene, mpole, aliyepangisha vyumba kwa wanafunzi. Tulimwita Mama Hosteli. Alitaka kisima kiwe tayari kabla wapangaji hawajarudi kutoka likizo. Kisima chenyewe kilikuwa kirefu kuliko vyote tulivyofanya msimu ule, tena chembamba. Tuliondoa udongo vizuri, lakini kabla hatujafikia kina, maji yakaanza kuingia kwa kasi kuliko ndoo ya Kijiko. Tunachota, yanajaa. Tunachota, yanajaa. Mama Hosteli, kwa nia njema kabisa, akaenda kuazima pampu ya petroli.

Juu pampu ilinguruma bure, maji yalikuwa mbali mno, haikuweza kuyavuta. Baba akakuna kidevu. Akapigilia mbao mle mle ndani ya kisima, katikati ya njia, akatengeneza jukwaa dogo, tukaishusha pampu ikakaa hapo. Sasa ikavuta. Bomba likatapika maji ya tope uani, Mama Hosteli akapiga vigelegele. Moshi ulikuwa unapanda polepole kutoka shimoni na kutupita usoni. Kichwa kikaanza kunigonga. Kijiko akaenda nyuma ya ukuta akatapika, akarudi anafuta mdomo, na sisi tukamcheka.

"Hizo sahani mbili leo zimekataa kukaa pamoja," baba akasema.

Tulicheka kweli.

Maji yalipoisha tulizima pampu, tukaipandisha na mbao zake. Baba akawasha kandili, akaifunga kwenye kamba ndogo, akaishusha bila haraka. Sote watatu tukainama. Ikapita pale pampu ilipokuwa imekaa, ikaendelea kushuka, ikafika chini. Inawaka. Wala haikutikisika. Mwanga wake wa manjano ulikaa juu ya tope umetulia kabisa.

"Baba, tuache mpaka kesho," nikasema. Sikuwa na sababu. Machale tu yalinicheza.

"Maji yatajaa tena."

"Yajae. Kichwa kinaniuma, Kijiko katapika. Mimi sipendi."

"Harufu ya petroli hiyo. Kandili imesema nini?"

"Inawaka."

"Basi. Wewe na kandili, nani amechimba visima vingi?"

Maisha yangu yote nilifundishwa kuiamini ile taa. Akajifunga kifuani mwenyewe, bila kusukumwa, akanionyesha fundo kama mtoto anayeonyesha amenawa mikono, akashuka.

"Kamba?"

"Mkononi!"

Sururu ikaanza kulia. Kijiko akavuta ndoo moja, nyingine ikafuata. Jua lilikuwa linachoma utosi.

"Kamba?"

"Mkononi, baba!"

Sururu ikaendelea, lakini ikawa inachelewa, inapiga na kupumzika, inapiga na kupumzika. Nikamwambia Kijiko asikilize. Akasema mzee amechoka tu. Kisha likaja swali lake tena, taratibu, zito, la mtu anayeamshwa usingizini.

"Kaaamba?"

"Mkononi! Baba, panda sasa!"

Akacheka. Baba yangu alicheka peke yake kule chini, kicheko kirefu ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mlevi. Halafu akanyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wallahi nilikuwa sijaujua usemi huo mpaka siku ile.

"Baba!"

Hakuna.

"Kijiko, vuta!"

Kijiko hakuvuta. Alikuwa ameshavua viatu, mguu mmoja umevuka ukingo. "Naenda kumchukua," akasema, macho yamemtoka. Mama Hosteli alikuwa anapiga mayowe, majirani wameruka ukuta, kila mtu ananipigia kelele mimi. "Shuka wewe! Unatazama nini, si baba yako huyo? Mtoto gani wewe?" Na miguu yangu ilitaka kushuka. Nasema kweli, ilitaka. Nikampiga Kijiko kofi ambalo hata mimi liliniuma.

"Hashuki mtu! Shika kamba! Hata iweje, hashuki mtu!"

Akanitazama, akarudi, akashika. Tukavuta. Majirani wakashika nyuma yetu, hata Mama Hosteli na gauni lake la kushindia. Kamba ilikwama mara moja, tukailegeza, tukavuta tena, nasikia mwili wa baba ukigonga kuta, nikawa namwomba radhi kwa kila pigo. Fundo lilikuwa lile lile alilonionyesha. Lilishika.

Alitoka kichwa kimelala begani, midomo yake myekundu ya kupendeza, ya mtu mwenye afya. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa anapumua, kwa mbali. Wakati tunambeba kwenda kwenye gari la jirani niligeuka, nikamwona Kijiko amechuchumaa ukingoni analia. Alikuwa ameivuta kandili. Alikuwa ameishika mbele ya uso wake, na ilikuwa bado inawaka vizuri.

Daktari alinieleza, taratibu, kwa sababu nilikuwa namkaripia. Injini ikinguruma mahali pasipo na upepo inaacha hewa ya sumu, isiyo na harufu wala rangi. Binadamu inamlevya kwanza, ndipo inamlaza. Moto haujali. Kandili ya babu ilijua hewa mbaya za enzi za babu, na enzi za babu hakuna aliyeshusha pampu kisimani. Akasema yeyote ambaye angeshuka kumfuata angebaki kule. Kijiko aliposikia alikaa chini kwenye korido.

Baba alifumbua macho. Tulishukuru, tukapiga simu kwa kaka, mama akapika. Anakula mwenyewe, anatembea, anajifunga vifungo. Lakini akimwona mama anamwita "dada," kwa adabu kabisa, na kumwuliza kama mwenye nyumba yupo. Mimi ananitazama, ananisalimia. Nikimwambia, "Ni mimi, baba, yule askari wako," anatabasamu tabasamu la mgeni. Daktari anasema kumbukumbu iliyoliwa na ile sumu huenda itarudi, huenda isirudi.

Jioni ile niliyokuwa napanga begi la kurudi chuoni, baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Mwanga ulipoanza kupungua akaanza kuhangaika. Mikono inapapasa kifuani, chini ya makwapa, inatafuta. Pumzi zikamwenda mbio. Akainua uso juu, kuelekea dari, akaita kwa sauti ndogo.

"Kamba?"

Mama akaacha alichokuwa anafanya. "Mkononi," akajibu, akamshika bega. "Mkononi, mume wangu."

Hakutulia. "Kamba? Kamba?" Jasho linamtoka. Mama akajibu tena, na tena, akanigeukia machozi yanamlengalenga.

"Mkononi, baba," nikasema.

Mabega yakashuka. Akapumua, akafumba macho. Hajui jina langu, lakini sauti ya mshika kamba anaijua.

Tangu hapo ni kila siku, jua likianza kuzama. Kaka amejaribu kwa simu, Kijiko amekuja kujaribu, baba anazidi kuita. Chuo kimefunguliwa. Yule mwenzangu wa bwenini ameniandikia kwamba kitanda changu kimepata mtu, na mtihani wa somo langu la kurudia umefanywa bila mimi. Mama ananisukuma niende, ananigombeza, ananiambia nisifukie maisha yangu shimoni. Begi liko mlangoni, limefungwa. Nalitazama, halafu namtazama mzee wangu, na ninamkasirikia, nisiseme uongo, ninamkasirikia kweli. Siku akisema "Nimefika," nitalibeba lile begi niende, hata kama ni kwa miguu.

"Kamba?"

"Mkononi, baba. Niko hapa."