Wanagenzi wa Bunge wakikwama, humpigia Lavender

Jua la asubuhi linakausha umande juu ya michai ya Itumbe. Lavender Nyangate amefunga kikapu mgongoni na mikono yake inachuma haraka, bila yeye kuitazama. Simu inalia mfukoni mwa aproni. Analitupia jicho jina la mpigaji, anaacha kuchuma.

"Kemuma, sema."

Upande wa pili msichana ananong'ona. Amejifungia chooni katika jengo lenye ofisi za wabunge, Nairobi. Msaidizi wa mheshimiwa amemwambia kuwa ripoti ya kumaliza mafunzo yake itajadiliwa jioni, hotelini. Amempa nambari ya chumba.

Lavender anashusha kikapu. "Usiende," anasema. "Usimwombe ruhusa, usimweleze chochote. Toka hapo, ukae mapokezi karibu na walinzi, mahali watu wanakuona. Akumu anakuja kukuchukua. Umenisikia, mdogo wangu?"

Anakata, anapiga nambari nyingine. "Ni yule yule," anasema. Hatamki jina. Akumu, mwenzake wa kikundi aliye Nairobi, hamuulizi ni nani.

Lavender, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, huchuma chai katika shamba la mama yake. Lakini kwa vijana wa Kisii na Nyamira wanaoenda kufanya kazi Bungeni kama wanagenzi, yeye ndiye kiongozi wa Tushikane, kikundi kisicho na ofisi wala mfadhili.

Miaka minne iliyopita alikuwa fahari ya kijiji. Sabato kabla ya safari yake, kanisa lilimsimamisha mbele, likamwombea. Alikuwa amehitimu sayansi ya siasa, na sasa alikuwa amepata nafasi katika ofisi ya mbunge.

"Nilifikiri naenda kuona vile sheria inatungwa," anasema. "Wiki ya kwanza nikatumwa kuchukua suti za mheshimiwa kwa dobi. Wiki ya pili nikampelekea mtoto wake sweta shuleni. Nikajiambia, sawa, labda ndivyo watu huanza."

Baadaye alipewa kazi ya maana. Aliandika hotuba kuhusu masaibu ya wakulima wa chai, na mheshimiwa akaisoma Bungeni neno kwa neno. Ndipo msaidizi yule alipomwita. Alimsifu, akasema kuna ajira ya kudumu, ila waizungumzie mahali patulivu, hotelini, akampa nambari ya chumba. Lavender alimkatalia waziwazi, dereva akisikia. Kesho yake, mlinzi wa langoni alimnyang'anya kitambulisho cha kazi.

"Nikauliza, nilalamike wapi? Wakaniambia, kwa ofisi yako. Ofisi yangu ni yeye! Sasa niende nimshtaki kwake mwenyewe?" Sauti yake inapanda hadi wachumaji wa shamba jirani wanageuka. "Tulikuwa wanagenzi wengi mle ndani. Tulipishana kwa lifti kila siku na hatukujuana hata majina. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake."

Alirudi Itumbe akawaambia watu kwamba mafunzo yameisha. Alinyamaza mwaka mzima.

Kisha jirani yao akafariki, na mheshimiwa akaja mazishini na msafara wake. Msaidizi alipopewa kipaza sauti, aliwaambia waombolezaji: "Sisi tunawapenda watoto wenu. Leteni mabinti, tuwafungulie milango ya Bunge."

Lavender alikuwa nyuma ya hema akiwagawia wageni maji. Hakumbuki aliliweka wapi jagi.

"Waambie ni milango gani!" alipaza sauti. "Waambie ni ya Bunge ama ni ya hoteli!"

Mzee mmoja wa kanisa alimwamuru aketi. Kijana fulani akacheka. Mheshimiwa akatazama saa yake. Hapo mama yake, Bosibori, mjane ambaye hakuwa amewahi kuzungumza mbele ya umati, aliinuka katikati ya akina mama na kusema kwa Kigusii: "Mwacheni amalize. Mimi ndiye niliyemzaa, na bado namsikiliza."

Lavender alimaliza. Alisema yote.

Msaidizi hakuguswa. Walioadhibiwa ni Lavender na familia yake. Kijijini walimwita Lavender mwanamke aliyefukuzwa kazi na sasa anatafuta wa kumlaumu. Kanisani, wanawake waliacha kuketi benchi moja na mama yake. Mdogo wake, Mose, alinyimwa basari mwaka huo, msaada wa karo unaogawiwa na ofisi ya mheshimiwa, bila maelezo yoyote.

"Walitaka nirudi kumpigia magoti," anasema Lavender. "Mtu anakukosea, halafu wewe ndiye unaambiwa uombe radhi!"

Hata hivyo, siku ile hemani kulikuwa na msichana aliyekuja na msafara, kazi yake kumshikia mheshimiwa mwavuli. Alikuwa Akumu, mzaliwa wa kaunti jirani ya ziwani, mwanagenzi aliyechukua nafasi ya Lavender. Kesho yake alimpigia simu.

"Nililia kwanza, ndipo nikaweza kusema," anakumbuka Akumu, ambaye sasa ni karani wa mawakili jijini Nairobi. "Nilimwambia, dada, hata mimi."

Wawili hao wakamtafuta wa tatu, na watatu wakawatafuta wengine. Leo mwanagenzi mpya hupokewa langoni na mtu aliyemtangulia. Huambiwa ofisi zipi zina watu wa heshima, maana zipo, na zipi za kuepukwa. Nafasi ya kazi ikitokea, huambiana. Hakuna anayekwenda mkutano wa nje bila mwenzake kujua.

Jethro Omosa, ambaye bosi wake alimfanya mwosha mbwa, alipata kazi ya utafiti kupitia mwanachama mmoja. "Chuoni tulifundishwa kuandika barua za kuomba kazi," anasema. "Hatukufundishwa kumkatalia mtu mkubwa."

Gazeti hili lilimpigia msaidizi huyo, ambaye hatumtaji kwa kuwa hajashtakiwa. "Hao ni wasichana wanaotafuta umaarufu," alisema, akakata simu.

Siku ile ya simu, Akumu alimkuta Kemuma mapokezi, amekumbatia mkoba wake, macho yakiwa kwenye lifti. Walitoka pamoja hadi kituo cha polisi, Kemuma akaandikisha taarifa. Lavender alisafiri, naye akaandikisha yake. Akumu akafuata. Kisha wakajitokeza wanawake wawili zaidi, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Taarifa hizo zikaifanya kamati ya Bunge iitishe kikao cha kusikiliza malalamiko yao.

Lakini baba yake Kemuma, Mzee Nyabuto, mkulima wa ndizi wa Suneka, hakufurahi. Alifunga safari hadi Itumbe kumsihi Lavender ayaache.

"Binti yangu hajaolewa," alimwambia. "Yaishe kimya, mwanangu."

Lavender hakumlainishia maneno. "Mzee, mimi nilinyamaza mwaka mzima. Mwaka huo huo ndio aliomwandama Akumu. Wewe ukinyamaza, atakayefuata ni mtoto wa nani?"

Nyabuto aliketi barazani, kofia ikiwa magotini. Bosibori alimletea uji, akaunywa wote. Halafu akauliza kikao cha kusikiliza malalamiko ni lini, na kama wazazi wanaruhusiwa kuingia.

Kikao ni mwezi ujao. Wanaruhusiwa. Amesema atakwenda, na kwamba ataketi mahali ambapo mtu yule hawezi kukwepa kumtazama.

Tushikane wanaandaa pia ombi la umma. Wanataka kila mwanagenzi awe na mahali pa kulalamika nje ya ofisi anayofanyia kazi. Lavender anasema wakikataliwa watalipeleka tena, na kwamba hana mpango wa kutafuta kazi nyingine hadi lijibiwe.

Anajua wakili wa upande wa pili atamhoji kwa nini alichelewa kusema. Hilo halimtishi.

"Nitajibu kila swali," anasema, akifunga tena kikapu mgongoni. "Nitataja jina lake lote, hoteli, na chumba. Nikimaliza nitawauliza hao wakubwa wa Bunge, wote waliokuwa wakipita pale kila siku: nyinyi mlikuwa wapi?"