Fundi viatu aliyekataa kukata kaktasi ya mama yake

Saa moja na nusu asubuhi, fundi viatu anafuta kisu chake kwa pamba yenye spiriti. Jozi tatu zinamsubiri chini ya meza, kiatu kimoja kimeachama mbele kama mdomo, lakini leo haanzi na viatu. Anachukua kipande cha ngozi kilichobaki kwenye kazi ya mkanda, anakizungusha kwenye tawi la kaktasi lenye urefu wa kidole, na kulikata kwa mkato mmoja.

Halipandi. Analilaza juu ya gazeti dirishani, mahali pasipopigwa na jua kali, kisha anaandika tarehe pembeni.

"Hili tutaonana nalo baada ya siku kumi," anasema. "Kidonda kikauke kwanza, kifunge. Ukilitia udongoni sasa hivi na majimaji yake, linaoza."

Fundi huyu ana miaka 58, na wateja wamempachika jina la Fundi Miiba. Kibaraza cha nyumba ya vyumba viwili anayopanga kina kaktasi zaidi ya mia mbili. Zimo kwenye makopo ya maziwa, vikombe vilivyovunjika mikono, hata kwenye buti la mteja ambaye hakurudi kulichukua.

"Kwangu hapa, kabla hujaegemea popote, uliza," anaonya mkewe huku akitoa kiti.

Ajabu ni kwamba kwa miaka sita mtu huyu hakutaka hata kusikia neno kukata.

Kaktasi ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Mama alikuwa nayo tangu fundi akiwa shule ya msingi, akahama nayo nyumba nne ikiwa kwenye ndoo ya bati, mpaka ikampita kimo. Alipofariki dunia, watoto wake wawili waligawana vitu bila maneno mengi. Dada mtu akachukua cherehani na kabati. Ndoo ikabaki mlangoni.

"Dada alisema, nani abebe miiba hiyo? Nikaibeba mimi."

Mwaka uliofuata dada akabadili mawazo, akaomba tawi moja tu. Fundi akakataa.

"Nilimwambia, mama hakatwi," anasema, macho yakiwa kwenye sindano yake. "Niliona nikitoa kipande ni kama nampunguza. Tena nikwambie ukweli, nilikuwa namkomoa. Alishachukua kabati."

Dada aliomba tena, na tena. Kisha akaacha kuomba, akaacha na kupiga simu. Salamu zikawa zinapitia kwa mke wa fundi.

Miaka miwili iliyopita, binti wa fundi alilazwa kujifungua, na wazazi wake wakakaa hospitalini siku tano. Huku nyuma mvua ilinyesha mfululizo, mfereji wa paa ukakatika, maji yote yakawa yanamwagikia kwenye ile ndoo. Waliporudi nyumbani na mjukuu, mmea ulikuwa umelalia ukuta. Shina lilikuwa jeusi kwa chini. Fundi alipolibonyeza, kidole kikazama.

"Nilikaa chini palepale kwenye matope. Mke wangu alidhani nimeanguka."

Mke ndiye aliyempigia wifi yake simu. Kesho yake dada akafika.

"Hakunisalimu," fundi anakumbuka. "Aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Akasema, 'Ulininyima tawi, mdogo wangu. Sasa unataka tuzike mti mzima?' Akavua kilemba, akakizungusha mikononi, akaushika. 'Kata,' akaniambia."

Alikata huku machozi yakimtoka. Walianzia chini, wakapanda polepole mpaka nyama ya ndani ilipoonekana kijani kitupu. Vikapatikana vipande kumi na kimoja. Kwa haraka ya kuokoa walichoweza, wakapanda saba siku ileile na kuvimwagilia maji ya kutosha. Udongo ukawaishia, vinne vikabaki kwenye beseni nyuma ya mlango.

Wiki mbili baadaye, vyote saba vilikuwa vimeoza.

"Safari hii nilimpigia dada mwenyewe. Nikamwambia, nimeimaliza. Akauliza, 'Na vile vinne je?' Wallahi nilikuwa nimevisahau."

Alivikuta vimekauka pale vilipokatwa, vigumu kama kisigino. Viwili vilikuwa vimeshaanza kutoa vijizizi vyeupe, bila udongo wala tone la maji.

"Nilicheka peke yangu nyuma ya mlango. Tulivyovihangaikia vilikufa, tulivyovisahau vilikuwa vinaishi."

Akavipanda kwenye mchanga uliochanganywa na matofali yaliyopondwa, akakaa wiki nzima bila kumwagilia ingawa mkono ulimwasha. Vitatu vikashika. Kimoja alikipeleka mwenyewe kwa dada yake, safari ya saa nne, amekipakata kwenye boksi la viatu.

"Alifungua mlango, akaona boksi. Akasema, 'Ingia, lakini viatu vyako vichafu.' Mimi, fundi viatu mzima!" Anacheka mpaka anapangusa macho. "Na lile kabati nililolinunia miaka yote, nikalikuta limeliwa na mchwa."

Tangu hapo hajaacha kukata. Watu wengi sasa hununua ndala na kuzitupa zikikatika, hivyo kaktasi zinaziba pengo: moja iliyoshika mizizi humpatia sawa na kubadili soli za jozi moja. Katika kila vipande kumi, viwili au vitatu huoza, na bado humuuma.

Watoto wa kaktasi ya mama hawauzi. Hugawa bure kwa anayeomba, na ameshagawa zaidi ya thelathini. Baadhi hajui hata wako wapi.

"Zamani ningeumia," anasema. "Siku hizi nikipita mtaa nisioujua, naangalia madirisha."

Dada yake, mpishi wa shule, anastaafu mwishoni mwa mwaka. Chumba kilicho jirani na nyumba ya fundi kilikuwa wazi, na dada ameshakilipia ili ahamie. Wanapanga kuezeka uani kwa mabati yanayopitisha mwanga na kufungua bustani ya miche, yeye akiuza, mdogo wake akikata.

"Kugombana tutagombana, sikufichi," anasema fundi, hatimaye akivuta kile kiatu kilichoachama. "Juzi kaniuliza atangulize nini kwenye lori, kitanda au vyungu vyake kumi na tisa vya kaktasi. Nikamwambia vyungu. Kitanda tutatafuta."