Kioo Kilichogeuzwa

Kioo kile nilikitoa kwa ubishi. Fundi wa maabara ya kiwanda chetu cha shaba cha Shituru, mzee tuliyemwita papa, alikuwa amenikataza kukigusa bila kunieleza sababu. Nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu. Siku ambayo koti lake jeupe lilibaki likining'inia msumarini, naye hakuja kazini, nilifungua mashine.

Kioo hicho tulikiita rezo, kama Wafaransa. Kimechorwa mistari myembamba isiyoonekana, nacho huupasua mwanga kuwa rangi. Kikizungushwa kidogo kwenye kiti chake, rangi moja tu hupita kwenye mwanya mwembamba wa mashine, na kwa rangi hiyo tulipima shaba. Nilikirudisha, nikakaza skrubu zake tatu. Mwanga ukafifia kama taa inayoishiwa mafuta.

Papa alikuwa stesheni, pamoja na umati wa watu wenye asili ya Kasai waliokuwa wakifukuzwa warudi huko, yeye aliyezaliwa Panda, hapa hapa mjini kwetu. Walingoja treni wiki nzima chini ya maturubai. Nikamfuata.

“Muntu wa univerisite amekuya!” alicheka. “Umevunja nini?”

“Rezo, papa. Haikuvunjika. Mwanga ni kidogo.”

“Uliishika mu uso?”

“Hapana. Mu mbavu.”

“Ku mugongo iko mushale. Inaangalia wapi?”

Sikuwa nimeona mshale wowote.

“Basi uliipindua! Mistari yake inalala upande moja, sawa meno ya musumeno. Mushale iangalie kwenye mwanga inaingilia. Na usipanguse, hata na kitambaa.”

Kisha akashusha sauti. “Mutoto wangu wa mwisho iko na surua. Kwenu kuko chumba ya nyuma. Mumulalishe siku mbili, yeye na mama yake.”

Nyumba zilizowaficha watu wa Kasai zilikuwa zikipigwa mawe. Nilisema, “Nitauliza ku nyumba, papa.”

“Uliza, mwana.”

Sikuuliza. Nilikwenda moja kwa moja maabara, nikakigeuza kioo, mwanga ukajaa, na jioni ile nilikuwa na furaha. Kesho yake nilijiambia kesho.

Siku ya tatu niliporudi stesheni, treni ilikuwa imekwenda. Chini ya turubai lao alibaki mwanamke mmoja, akikunja mikeka.

“Ni weye wa chumba?” akaniuliza.

Nilimshikia ncha ya mkeka.

“Walikungojea. Mama yake alikuwa amemufunga mutoto ku mugongo tayari, tangu asubuhi.”

Niliondoka bila kumwuliza kama mtoto alipanda treni akiwa hai.