Sahani ya Mja Mzito

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kwetu Ndau, nilimwona bibi yangu akipunguza chakula katika sahani ya mama. Mama alikuwa mja mzito. Bibi, mzazi wa baba, hakuwa na roho mbaya. Alichota wali, akatoa na kipande cha samaki, akavirudisha chunguni.

"Mtoto akishiba tumboni humuua mamake," alisema. "Mdogo hutoka upesi. Na hospitali, ndia ni ndefu."

Mayai ndiyo yaliyokatazwa kabisa. Mama akilalamika kwamba njaa inamtia kizunguzungu, Bibi alikuwa akimwambia, "Subiri, mwanangu. Nilimzika dada yangu na mtoto wake tumboni. Wewe sitakuzika." Hapo mama aliivuta sahani akala kilichobaki.

Ndugu yangu Athmani alizaliwa kabla ya adhuhuri, bila taabu, mdogo mno. Bi Esha, jirani yetu, alimpokea akacheka, "Ebo! Mmezaa mtoto au mmevua dagaa?" Bibi naye akacheka, machozi yakimtoka. Mama yu hai. Maneno ya Bibi yalitimia, na tangu siku ile hakuna mwanamke mtaani aliyembishia.

Yule dagaa alikua. Akahamia mjini, mtaa wa Langoni, akafungua karakana ya kuchonga milango, akaota kitambi, nasi tukasema alhamdulillahi, sasa amepata alichokosa. Kabla hajaota mvi alikuwa na sukari na presha, kisha moyo. Tumemzika mwaka huu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alipokuwa amelazwa, daktari, mwanamke mpole, alimwuliza mama kama mwanawe alizaliwa mdogo. Akaeleza polepole: mtoto akikosa chakula tumboni, mwili wake hujifunza kubana, kama mtu anayejiandaa kwa miaka ya shida. Ukija kukutana na shibe ukubwani, haujui kuipokea, na maradhi kama haya humpata kwa urahisi zaidi.

"Si lazima iwe hivyo, na si sababu pekee," alimalizia. Mama alishika yale ya mwanzo tu.

Sasa hali wala halali. Juzi alinishika mkono.

"Niambie, mwanangu. Nimemuua?"

"Mama, siku za mtu ziko kwa Mwenyezi Mungu."

"Hilo nalijua. Nakuuliza wewe."

Nilimwambia kwamba alikula alichopewa. Nikamwambia kwamba Bibi aliogopa mauti aliyoyaona. Haya ya Athmani hakuna aliyeyaona yakija. Aligeukia ukutani.

Nami situlii. Huenda woga wa Bibi ulimwokoa mama. Huenda mama angejifungua salama hata kama angeshiba, na ndugu yangu angekuwa karakanani leo. Nageuza huku, nageuza kule, sipati pa kuliweka jambo hili. Baada ya kila swala nawaombea marehemu wote wawili, Bibi na Athmani, kwa dua moja, na kila mara ulimi hukwama kidogo, sijui nianze na yupi.